Picha za Marehemu Nazo ni Mirathi

Siku hizi ukifika msibani, baada ya turubai na viti vya kukodi, kinachokupokea ni picha kubwa ya marehemu. Imesimamishwa mezani juu ya kitambaa cheupe, imezungushiwa maua ya plastiki, na chini yake pameandikwa tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Ukiwa kwenye foleni ya kusaini daftari la rambirambi, itazame vizuri. Mara nyingi utamkuta marehemu amekaza uso, masikio yote mawili yako nje, nyuma yake ukuta wa buluu, na sura yenyewe imejaa chembechembe kwa sababu kipicha cha ukubwa wa stempu kimevutwa mpaka kikajaa fremu. Hiyo ni pasipoti saizi. Ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho, kadi ya bima au fomu ya mkopo, na mpigaji alimwamuru asicheke.

Mama aliyeuza vitumbua maisha yake yote, aliyekuwa akicheka mpaka anashika kiuno, anaagwa na umati wa watu kwa sura aliyokuwa akiipeleka dirishani kwa karani.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi tena kuliita bahati mbaya. Wala si kwamba watu hawa hawakupigwa picha nzuri. Walipigwa. Ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda kijijini, ziko kwenye albamu aliyoiazima shangazi wakati wa harusi ya mwaka 1998 na haijarudi, ziko kwenye simu iliyopasuka kioo. Zina kila kitu isipokuwa mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: picha za familia ni mali aliyoiacha marehemu, na zinapaswa kuingia kwenye mirathi kwa uzito uleule wa shamba, nyumba na fedha za benki. Ziorodheshwe. Zipewe mtu wa kuzitunza, jina lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo. Nakala zigawiwe warithi wote. Najua yuko mjomba atakayeguna kwamba watu wanagombania viwanja, wewe unaleta habari za picha. Anivumilie kidogo. Kiwanja kina hati na kina mahakama. Picha hazina hata mtu wa kuziulizia.

Usiku wa kutafuta picha

Tazama mambo yanavyokwenda. Mtu amefariki saa mbili usiku. Ikifika saa tano, kamati imeshaundwa: wa jeneza yupo, wa usafiri yupo, wa chakula yupo, na namba ya kutumia rambirambi imeshazunguka. Ndipo anayeandaa ratiba ya mazishi anapoandika kwenye grupu la familia: "Nani ana picha nzuri ya baba?" Zinaanza kuingia. Moja ni ya harusi ya binamu, baba yuko pembeni, bega moja limekatwa. Nyingine ameshika sahani ya pilau, mdomo umejaa. Nyingine imepita magrupu mengi hadi macho hayaonekani. Kila mmoja alidhani mwenzake anayo iliyo bora zaidi.

Asubuhi inapelekwa stesheneri. Kijana wa pale ni fundi, nampa heshima yake. Anakata kichwa kutoka kwenye picha ya harusi, anakipachika juu ya suti ya kijivu yenye tai nyekundu ambayo ameshawavalisha marehemu wengi wa mtaa ule, nyuma anaweka mawingu na njiwa wawili. Baba ambaye siku zote alivaa kaunda suti, na nyumbani msuli, anakwenda kaburini na tai ya mtu mwingine. Wajukuu watakaozaliwa baadaye wataikuta picha hiyo ukutani, na hawatakuwa na sababu ya kushuku kwamba kuanzia shingoni kushuka chini yule si babu yao.

Kisha zinakuja fulana. Sisemi fulana za msiba ni mbaya. Watu wanataka kuonekana wako pamoja, na ni jambo jema. Ila jiulize baada ya miezi mitatu zinakuwa wapi. Nimewahi kuona uso wa mzee wa watu ukifutia bodaboda asubuhi, kijana anasugua rimu huku anapiga mluzi. Fedha za fulana chache tu kati ya zile zingetosha kupeleka albamu nzima kuskaniwa. Tunakuwa wakarimu kwa siku tatu, kisha tunakuwa wachoyo kwa miaka iliyobaki.

Na mbona hatumwulizi mwenyewe akiwa hai? Utaambiwa ni uchuro. Lakini wazee wetu wameshazungumza mengi makubwa kuliko hayo. Wapo walioonyesha mahali pa kuzikwa, karibu na mama yao, chini ya mwembe. Wapo akina bibi walioweka akiba ya sanda, au kanga mpya isiyoguswa, na kila mwanamke wa nyumba ile anajua iko kwenye kona ipi ya sanduku. Mzee aliyekwisha kusema azikwe wapi hatashtuka ukimwuliza anaipenda picha gani. Pengine ndiye atakayekuonyesha moja usiyoijua.

Akiba hii huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameiona albamu ya kubandika, ile yenye kurasa za gundi na nailoni juu yake, iliyokuwa zawadi ya kila harusi miaka ya themanini na tisini. Ifungue leo. Nailoni inaachia kwa mlio wa kuchanika, gundi imegeuka mistari ya kahawia, na ukivuta picha kwa kucha, mgongo wake unabaki ukurasani au uso wa bibi harusi unabaki kwenye nailoni. Gundi ile inakula karatasi taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kama albamu haijaguswa na mtu. Anayetaka kuziokoa apitishe uzi mwembamba kati ya picha na ukurasa, auvute polepole. Ikigoma, aache. Aipige picha ikiwa palepale. Vivyo hivyo kwa picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu: usiibandue, ipige kupitia kioo hichohicho.

Jambo moja huwashangaza wengi. Picha ya bibi ya miaka ya hamsini, nyeusi na nyeupe, yenye kingo zilizokatwa kwa mawimbi na muhuri wa studio mgongoni, mara nyingi inaonekana vizuri kuliko picha ya rangi ya mama ya mwaka 1982. Sababu iko ndani ya karatasi. Sura ya kwenye picha za zamani imejengwa kwa madini ya fedha, na kama fundi aliisafisha vizuri na ikakaa pakavu, inaweza kuvuka karne. Picha za rangi zimejengwa kwa dawa za rangi, na dawa hizo hufifia hata gizani. Ile ya samawati ikitangulia kufa, inayobaki ni wekundu. Ndiyo maana ubatizo, maulidi na harusi zote za miaka ya sabini na themanini zinaonekana kufanyika jua likizama.

Ongeza na hali yetu ya hewa. Unyevu wa pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, huotesha ukungu juu ya nyuso za watu. Mchwa hachagui kati ya fremu ya mlango na albamu. Halafu kuna maji. Desemba 2011 mafuriko yalipoikumba Dar es Salaam, baadhi ya wakazi wa Jangwani na mabonde mengine baadaye walihamishiwa Mabwepande, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, lilibeba nyumba pamoja na vilivyomo. Baada ya maafa hugawiwa magodoro, unga, mablanketi. Hakuna ghala lenye picha ya marehemu mama yako.

Wachache wanajua, lakini picha iliyoloa haijafa papo hapo. Kinachoiua ni kuachwa ikauke ikiwa imegandana na mwenzake. Zitenganishwe zikiwa bado mbichi, zisuuzwe kwa maji safi ya baridi, zilazwe moja moja juu ya kitambaa kivulini, uso ukiangalia juu. Kama ni nyingi kuliko mikono iliyopo, zifungwe kwenye mfuko na ziwekwe kwenye friza mpaka mtakapopata nafasi. Ndiyo, friza. Jirani anayeuza samaki na barafu anaweza kukuokolea ukoo.

Sanduku likikosa mwenyewe

Hata hivyo, maji na mchwa si maadui wakubwa. Picha nyingi zinapotea kwa sababu ya kifo chenyewe, au tuseme kwa sababu ya kile kinachofanyika wiki chache baada yake.

Arobaini ikiisha, ukoo unakaa. Nguo zinagawiwa, baiskeli inapata mtu, shamba linajadiliwa hadi usiku, sufuria kubwa ya shughuli inaondoka kimyakimya. Sanduku la picha halitajwi. Halina bei, kwa hiyo hakuna anayeligombea, na kisichogombewa hakilindwi. Kuanzia hapo linashika mojawapo ya njia tunazozijua sote. Mjane anafukuzwa na mashemeji, maana bado tunafanya unyama huo, naye anaondoka na watoto na nguo. Sanduku linabaki kwenye nyumba ambayo hakuna anayejali alionekanaje siku ya ndoa yake. Au anafanikiwa kuondoka nalo, na watoto wa upande wa pili wanakua hawajawahi kuiona sura ya baba yao. Au kaka mkubwa anazichukua zote kwa nia njema kabisa, anazipeleka mjini alikopanga, anahama nyumba mara mbili tatu, na mara ya mwisho sanduku linasahaulika kwenye kibaraza. Au nyumba ya kijijini inapangishwa, na mpangaji anahitaji sehemu ya kuwekea mahindi.

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tunaitumia kwa maduka na vikoba, ilhali hakuna mali inayoithibitisha kuliko hii.

Taratibu za kuizuia hasara hiyo tunazo tayari. Tanzania Bara, familia inayofungua mirathi Mahakama ya Mwanzo hubeba muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi, na msimamizi huandika orodha ya mali. Kenya kuna barua ya chifu inayowataja warithi. Zanzibar, mirathi ya Waislamu hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katika muhtasari wa kikao, nani amekataza kuongeza mstari mmoja: albamu tatu, bahasha moja ya picha na simu ya marehemu, zitatunzwa na fulani, nakala kwa kila mtoto? Sitegemei hakimu aufanyie lolote mstari huo. Faida yake iko nyumbani. Miaka kumi baadaye, mjukuu atakapouliza, patakuwa na jina la mtu wa kupigiwa simu.

Zamani tulikuwa na msaada mwingine. Studio ndiyo iliyokuwa ghala la pili la familia, kwa sababu negativu zilibaki kwa mpiga picha. Ukipoteza yako, ulirudi na tarehe, ukasafishiwa nyingine. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit, imehifadhi nyuso za Unguja kwa vizazi: maharusi, wanafunzi, watu wa ikulu, watu wa kawaida waliovaa vizuri. Fikiria maana ya ghala kama hilo kwa visiwa ambavyo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 viliona koo nyingi zikigawanyika, hawa wamebaki, wale wamekwenda Oman, Ghuba au Uingereza. Koo zikigawanyika, picha nazo hugawanyika. Babu mmoja, nusu ya ujana wake uko Malindi ya Unguja, nusu uko Maskati.

Lakini studio nyingi za miji yetu zimefungwa. Mikanda ya filamu ilikosa wateja, kamera za simu zikaingia, na hata Kodak, jina lililokuwa juu ya milango ya studio kote Afrika Mashariki, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Mwenye studio alipofariki, wanawe walikuta maboksi ya negativu yamejaa chumba ambacho kingeweza kuwa duka la vifaa vya simu. Unajua walichofanya. Na hata wao siwalaumu sana, kwa sababu hakuna kikao kilichowaambia kwamba mle ndani mna mirathi ya wenzao.

Aliyependa chipsi

Kule Kigali, kwenye kilima cha Gisozi, kuna makumbusho ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Yalifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani kuna chumba kilichotundikwa picha zilizoletwa na familia: mtu kando ya gari, bibi harusi, kijana aliyeegemea mti, picha za vitambulisho. Ni picha za kawaida kabisa, za aina iliyo kwenye sanduku lako. Nyumba zilichomwa na vilivyomo, na kwa familia nyingine karatasi ile moja ndiyo iliyobaki ya mtu mzima mzima.

Kisha kuna sehemu ya watoto. Picha zao zimekuzwa, na pembeni kumeandikwa jina, umri, na mambo madogo: chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, rafiki yake. Wageni wanaostahimili vyumba vilivyotangulia hushindwa hapo. Uso wa mtoto peke yake ungeweza kuwa wa mtoto yeyote. Ukishajua alipenda chipsi, au maziwa, hauwezi tena.

Sasa rudi kwenye albamu yako. Picha mia mbili, majina sifuri. "Huyu nani?" "Nafikiri ni upande wa babu." "Na huyu mwenye kofia?" Kimya. Anayewajua ni shangazi mmoja aliyebaki, ana miaka themanini na tatu, na siku atakayoondoka ukurasa mzima utageuka kuwa picha za watu wasiojulikana. Tutamlilia yeye mmoja, kumbe tumezika ishirini. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kazi yenyewe ni ya Jumapili mchana. Kaa naye kivulini, mpe picha moja moja, rekodi sauti kwa simu, usimharakishe anapoacha picha na kuanza kusimulia habari ya mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo penye uhondo. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino huacha makovu upande wa pili. Picha za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki usioshika penseli, hizo andikia bahasha yake. Na usiandike "Bibi" au "Mama mdogo" ukaishia hapo, kwa sababu atakayesoma baada ya miaka arobaini atauliza bibi wa nani. Andika jina kamili, na jina aliloitwa nyumbani, mtoto wa nani, wapi, mwaka gani hata kama ni wa kukisia. Halafu weka jambo moja la kipuuzi: kwamba saa ile ya mkononi ilikuwa ya studio, kwamba viatu aliazima kwa mwalimu na vilikuwa vinambana. Tarehe mtaisahau. Viatu vya kuazima hamtavisahau.

Si kila picha ni ya ukutani

Wapo watakaoniuliza kuhusu dini. Familia nyingi za Kiislamu hazitundiki picha za viumbe ukutani, na wapo watu wa imani mbalimbali wanaoziondoa mbele ya macho baada ya msiba ili majonzi yasiamshwe kila asubuhi. Sina ugomvi nao. Nasema kutunza, sijasema kutundika. Albamu iliyo kabatini haimkosei mtu adabu.

Tena kutunza maana yake nyingine ni kuficha. Katika miji ya pwani, Lamu, Mombasa, Unguja, picha za wanawake zilipigwa kwa masharti yanayoeleweka. Bibi harusi aliyefungua nywele mbele ya kamera alifanya hivyo kwa ajili ya mumewe, dada zake na mashoga zake. Leo mjukuu anaikuta, anaiskani, anairusha Instagram na kopa tatu nyekundu, maelfu wanaisifu. Anaamini amemheshimu bibi. Kwa kweli amemvua sitara aliyoilinda miaka sitini, na bibi hana namna ya kumwambia aitoe. Mtunza picha wa ukoo anapaswa kujua ipi ya wote, ipi ya wanawake peke yao, na ipi isitoke ndani ya bahasha.

Kuna aina moja ambayo kwangu haina nafasi hata ndani ya bahasha: mgonjwa mahututi mwenye mipira puani, mwili ndani ya jeneza, eneo la ajali. Zinapigwa kwa simu, zinasambazwa kabla hata mama mzazi hajaambiwa. Futa. Mtu hakupewa uso ili akumbukwe kwa dakika zake za mwisho.

Na mkasi uwekwe mbali. Albamu zetu zimejaa mashimo. Mke wa pili amemkata wa kwanza, au mume aliyeachwa amekata nusu ya harusi yake akabaki ameshika mkono usio na mtu. Hasira ni ya mkataji, ila shimo wanalirithi watoto wa yule aliyekatwa.

Simu ya marehemu

Picha za baba wa leo hazimo kwenye sanduku la bati. Zimo kwenye simu, na simu tunaigawa kama tunavyogawa redio: mtoto mwenye shida zaidi anapewa, anaipeleka kwa fundi kutolewa namba ya siri, fundi anafuta kila kitu, na ndani ya nusu saa miaka minane ya sura na sauti za mtu imekwenda. Simu yenyewe pengine ingeuzwa laki moja.

Tulichokirusha mitandaoni nacho si akiba. Statasi ya WhatsApp hukaa saa 24. Picha inayopakuliwa na kupakiwa upya grupu hadi grupu hupungua ubora kila inapobanwa, na ndiyo maana ile mnayoitafuta usiku wa msiba haina macho. Anayetaka kuituma ilivyo aitume kama faili. Google nayo ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo. Sasa fikiria mzee ambaye akaunti yake alifunguliwa dukani siku aliyonunua simu, nywila akaandika muuzaji. Amefariki. Nani anajua hata jina la akaunti hiyo?

Kampuni hizo zina njia ya kumtaja mrithi. Google inakuruhusu kuchagua mtu atakayepata vitu vyako akaunti ikinyamaza muda mrefu. Facebook ina nafasi ya kuteua msimamizi wa ukurasa wako baada ya kifo, na Apple iliongeza yake Desemba 2021. Ni vizuri, jaza. Kwa nyumba nyingi, hata hivyo, njia iliyo wazi ni karatasi: namba ya siri ya simu, barua pepe na nywila, ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na hati ya kiwanja. Na kabla simu ya marehemu haijapewa mtu yeyote, picha na sauti zihamishwe kwanza. Hilo lingekuwa sharti, ningefurahi.

Halafu chapisha. Teua chache kila mwaka, zile ambazo nyumba ikiungua ungezililia, zipeleke zikachapishwe kwenye karatasi halisi ya picha. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwenye diski, ya tatu kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi peke yake usiiamini. Ina tabia ya kufa bila kuugua.

Nani apewe kazi

Kwanza kabisa, mjane au mgane asinyang'anywe. Picha halisi zibaki kwake maisha yake yote, na anayetaka nakala aende kuzipigia pale pale mezani, anywe chai, aondoke. Baada yake, sioni sababu ya kazi hii kumwangukia kifungua mimba wa kiume kwa sababu tu ni kifungua mimba. Wala mwenye nyumba kubwa. Anayefaa ni yule anayejua majina, asiyekuwa na kesi na upande wowote wa ukoo, na ambaye simu yake huwa na picha za watu wengine kuliko zake mwenyewe. Katika familia nyingi huyo ni dada wa katikati au shangazi ambaye vikao humkumbuka chakula kinapochelewa.

Alipwe nauli na gharama. Kila msiba huwa na siku ya hesabu, mweka hazina anasimama, anasoma mapato na matumizi, anafika kwenye salio, na hapo ukumbi unakuwa na masikio. Mtu mmoja anyooshe mkono kabla salio halijapata wenyewe, ataje kazi ya picha na kiasi chake, iingie kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayeifanya. Wakimkatalia, basi asizisubiri fedha za kamati. Albamu aiweke karibu na dirisha asubuhi, jua lisiipige moja kwa moja, azime flashi ya simu, apige ukurasa kwa ukurasa, na jioni awatumie ndugu wote. Bando la siku moja linatosha.